Kwa Baiskeli Hadi Ukweni Nyamiaga

Tangu nirudi Mwanza sijanywa chai kwa amani. Kila Jumamosi tukikusanyika Buswelu kabla ya kuanza kupanda vilima na baiskeli zetu, lazima mmoja wenu aulize, "Masalu, hivi kule Ngara ilikuwaje?" Paulo nilimsimulia nusu, Mama Shija nikamsimulia nusu nyingine, na sasa nasikia nusu hizo mbili zimekutana zikazaa habari ya tatu, ambayo ndani yake nilikimbizwa na simba. Sikukimbizwa na simba. Kilichonipata kilinitoa jasho zaidi ya simba, nami nakiandika hapa mara moja ili kila mtu asome, kisha tuendelee na vilima vyetu.

Kwa waliojiunga na kikundi juzi: mimi ni fundi majokofu, mrefu kuliko milango mingi ya mji huu, na mke wangu Consolata ni Mhangaza wa Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Tulifunga ndoa hapa Mwanza. Wajomba zake walikuja, shangazi zake walikuja na vigelegele vyao, lakini baba yake alikuwa kitandani anaumwa, na mama yake akabaki kumuuguza. Kwa hiyo wakwe zangu nilikuwa nawajua kwa simu tu. Mama mkwe alikuwa sauti ndogo inayouliza kama mtoto amekula. Baba mkwe alikuwa kikohozi, halafu kimya, halafu anarudisha simu kwa mkewe. Mwaka huu wakatuma ujumbe kwamba mzee amepona kabisa, ukoo utakusanyika Jumapili baada ya misa kumpokea mkwe. Tuje.

"Nitakwenda kwa baiskeli," nikamwambia Consolata.

Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Unaijua milima ya kwetu?"

"Kila siku unaniambia vilima vya Mwanza ni vichuguu. Nataka nikaione hiyo milima."

"Haya. Basi nipe nguo zako za heshima nitangulie nazo."

Nikakataa. Nilitaka kufika na kila kitu changu mgongoni, kama mwanamume. Suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vya ngozi nikavikunja vizuri, nikavitia kwenye begi. Consolata akatangulia kwa basi pamoja na binti yetu Neema. Mimi nikafuata kwa basi jingine hadi Biharamulo, baiskeli ikiwa imelala kwenye buti kati ya magunia. Habari za basi naziruka.

Jambo moja tu kabla hatujaondoka. Mnajua tunavyovaa: kaptula nyeusi ya kubana, inayoishia juu ya goti, yenye sponji makalioni. Huku Buswelu watu wameshatuzoea. Huko nilikokuwa nakwenda hawajatuzoea.

Biharamulo hadi kwa Mzee Masanja

Asubuhi niliingia mgahawa ulio karibu na stendi nikaagiza chai na chapati. Mama mwenye mgahawa alinitazama, akaitazama baiskeli niliyoiegemeza mlangoni, akauliza nakwenda wapi. Nikamjibu, Ngara. Akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, baba. Ni nani?"

"Nani kafanya nini?"

"Aliyefariki. Mtu mzima akitoka na baiskeli asubuhi hivi kwenda Ngara, ni msiba."

Nikamweleza kwamba hakuna msiba, nakwenda kumwona baba mkwe wangu. Akaitikia kwa kichwa kwa huruma ileile, akaniongezea chapati moja ya pole. Nadhani mpaka leo anaamini kwamba mzee wa watu amekufa.

Njia ya kuelekea Lusahunga ni lami. Kuna msitu, kuna miinuko mirefu isiyo mikali, na kuna malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Lori likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma kando halafu unakuvuta nyuma yake, na dereva anakupigia honi ya salamu inayokaribia kukuua kwa mshtuko. Nilikanyaga vizuri. Niliimba hata. Lakini jua lilipokuwa utosini maji yakaniishia, nikaona boma la ng'ombe upande wa kushoto, na mzee amekaa kwenye kigoda akisuka kamba. Kofia yake na jinsi alivyowaita ng'ombe wake vikaniambia huyu ni wa kwetu.

"Mwadila," nikamsalimu.

Kamba ikamdondoka. "Mwadila, mwadila! Wewe ni mwana wa nani?"

Wasukuma wenzangu, mnajua hapo mambo yalipofikia. Huwezi kuomba maji kwa Msukuma mwenzako ukanywa ukaondoka. Kwanza tulikwenda kwenye ukoo wa baba yangu, tukapita kwa babu, tukahamia kwa wajomba, tukagundua kwamba mjomba wa mama yangu aliwahi kuchunga na kaka yake kule Shinyanga kabla wao hawajahamia huku na mifugo yao. Jina lake Mzee Masanja. Nilipokuja kupewa hayo maji, yalikuwa maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, na mkewe alikuwa tayari amebandika ugali.

Baada ya kula, mzee akaizunguka baiskeli yangu taratibu.

"Kelia yake iko wapi?"

"Haina keria, mzee."

"Haina kelia," akamwambia mkewe. "Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

"Wewe una miguu." Akabonyeza tairi kwa kidole. "Unakwenda wapi?"

"Ngara. Ukweni."

"Ngala! Unapanda ile milima ya Ngala na baiskeli isiyobeba kitu, halafu unaingia ukweni mikono mitupu?"

Nikajitetea kwamba Consolata ametangulia na vitenge na sukari. Akasema hivyo ni vya Consolata. Majirani walianza kufika kumwona mtoto wao kutoka Mwanza, jua likashuka tukiwa bado tunaongea, na suala la kuondoka halikuzungumzwa tena. Nililala hapo.

Asubuhi mke wa Mzee Masanja alitoka na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani. Mfuko ulikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. "Uwaambie wakwe zako hii imetoka kwa wazazi wako," akasema. "Wazazi wako wangekuwa hai wangekupa kitu. Sasa sisi tuko hapa."

Sikuwa nimemwambia moja kwa moja kwamba sina wazazi. Nadhani aliling'amua tu katika kuhesabu ule ukoo. Nilipokea mfuko kwa mikono miwili. Nikausokomeza kwenye begi, juu ya suruali.

Nyakahura hadi Rulenge

Pale Nyakahura niliiacha lami na malori yake, nikashika barabara ya changarawe inayokwenda Rulenge. Na hapo ndugu zangu, milima ikaanza.

Nisikilizeni vizuri, hasa nyie mnaojisifia kilima cha Kiseke. Kilima cha Kiseke unakipanda, unafika juu, unapiga picha, unashuka kwenda kunywa soda. Huku unapanda, unafika juu, na kutoka hapo juu unauona mwingine mkubwa zaidi unaokungoja, na kati yenu kuna bonde ambalo lazima uliteremke mpaka chini kabisa ili uanze upya. Lakini ni milima mizuri. Migongoni nyasi zinalala zote upande mmoja kwa upepo. Mashamba ya migomba yameshikilia mteremko kama watu waliokaa jukwaani. Mabondeni kuna baridi hata saa za mchana, na unasikia mtu akimwita mwenzake mlima wa pili, naye anaitika, wanaendelea na maongezi yao kana kwamba wamekaa sebuleni.

Katika mpando mmoja nilikutana na mama aliyebeba kapu la maharage kichwani. Anatembea. Mimi nakanyaga. Tulikwenda sambamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baisikeri imeharibika?"

"Hapana, mama. Nimeweka gia ndogo."

Akafikiri kidogo. "Basi weka kubwa."

Nikajaribu kumweleza habari za gia, lakini pumzi yangu ilikuwa inaruhusu maneno mawili mawili tu. Yeye alikuwa na pumzi ya kutosha. Aliniambia habari za binti yake anayesoma Bukoba, bei ya kahawa, ndoa ya jirani, na padri mpya anayehubiri kwa muda mrefu. Alipofika njia ya kwake aliniaga, akaniambia nisikate tamaa, nikifika juu pale kuna fundi baiskeli mzuri.

Kuteremka sasa! Sitaweza kuwaeleza kuteremka. Mikono kwenye breki, macho yanatoka machozi, harufu ya udongo na mikaratusi, wanafunzi pembeni wanapunga mikono wakipiga kelele. Wanaume wa huko wanateremka na mikungu ya ndizi mitatu minne kwenye keria, bila breki, mguu mmoja umekanyaga tairi la nyuma ili lipungue kasi. Walinipita huku wakinisalimia kwa heshima kabisa.

Rulenge nilifika jioni. Nyumba ya wageni waliniletea ndizi zilizopikwa na maharage, na pilipili pembeni. Nilikula sahani mbili. Simu yangu ilizimika nikiwa bado natafuna, na nilipotafuta chaja nikaikuta imevunjika pini chini ya michembe ya Mzee Masanja. Nikasema kesho kutwa nitakuwa ukweni, simu ya nini.

Rulenge hadi Mbuba

Jumamosi begi lilianza kunishinda. Mikanda ilikuwa inakata mabega, na kila mpando ile michembe ilikuwa inanivuta nyuma kama mtu anayenisihi nirudi. Chini ya kilima kimoja nilishuka nikakaa kwenye jiwe. Dereva wa bodaboda akasimama. Alikuwa na koti zito na uso wa kucheka, akajitambulisha kwa jina la Deo.

"Kaka, mzigo huo utakuua. Huu mrima ni mrefu, na nyuma yake kuna mwingine. Unaenda kwa nani?"

"Kwa Mzee Stanslaus. Ni baba mkwe wangu."

"Mzee Stanslaus mwenye ng'ombe?"

Consolata huniambia kila siku habari za ng'ombe wa baba yake. "Huyohuyo," nikasema.

"Namfahamu sana! Naelekea hukohuko. Lete begi, utarikuta sebureni."

Alikataa hata nauli, akasema mkwe wa Mzee Stanslaus ni mkwe wake. Nikamshukuru, akaliweka begi mbele yake, akapotea kwenye kona. Nikajisikia mwepesi kama karatasi. Niliupanda ule mlima nikipiga mluzi.

Mvua ilinikuta karibu na Mbuba. Haikuanza kwa matone, ilishuka yote. Dakika chache tu barabara ikawa tope jekundu, tairi likajaa, cheni ikakataa, na mimi nikawa naikokota baiskeli huku meno yakigongana. Mtu wa Mwanza anadhani anaijua baridi. Nyumba ya kwanza niliyoiona nikakimbilia barazani.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa mlangoni anachambua maharage pamoja na binti zake wawili. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Mama Speransia, na kwamba wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Wakati ule nilichokiona ni jozi tatu za macho yakinitazama kuanzia kichwani, yakishuka, yakafika kwenye kaptula, yakagota.

"Yampayinka!" akasema, yaani maajabu haya. Mabinti wakaingia ndani wakikimbia, nikasikia kicheko kinapasuka huko jikoni. "Kalibu, baba, umerowa kabisa. Lakini hii uliyovaa ni nini? Ni chupi?"

"Ni ya kuendeshea baiskeli, mama."

"Aliyekushonea alipungukiwa kitambaa." Akaingia ndani, akatoka na kitenge cha njano chenye picha za jogoo. "Jifunge hiki. Nina mabinti hapa."

Nikajifunga. Mzee Masanja, kule nyuma, alikuwa anazitupa "r" zote, na huyu mama alikuwa anaziokota nyingine anazigawa upya, lakini moyo wao ulikuwa mmoja. Nikawekwa karibu na moto, nikapewa uji, nikapewa ndizi. Mumewe Yohana aliporudi kutoka shambani alinikuta nimekaa na majogoo yangu mapajani, akanisalimia bila kuonyesha mshangao wowote. Nikamweleza kila kitu: baiskeli, ukwe, Jumapili, begi lililotangulia na Deo.

"Deo alirichukua begi kwenda kwa Mzee Stanslaus?" akauliza. "Yule mwenye ng'ombe?"

"Ndiyo."

Yohana akamtazama mkewe. "Mzee Stanslaus mwenye ng'ombe yuko Kibimba."

"Baba mkwe wangu yuko Nyamiaga."

"Basi nguo zako ziko Kibimba," akasema kwa upole.

Mvua iliendelea. Njia ya Kibimba, waliniambia, kwa hali ile hata pikipiki haipiti mpaka pakauke. Yohana alinipa suruali yake nijaribu. Mguu mmoja uliingia hadi katikati ya shavu la mguu ukakwama, na kifungo hakikutaka hata kuonana na tundu lake. Akanitolea ya pili, ya mwanawe aliyeko jeshini, nayo ikapasuka nyuma. Mama Speransia akafunika mdomo kwa mkono. Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimepoa. Kwetu Usukumani mkwe hamtazami mama mkwe usoni hivihivi. Hata njiani wanakwepana. Na mimi nilikuwa nakwenda kuingia mbele ya mama mkwe wangu, na ukoo mzima, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na kaptula iliyoishia mapajani au kitenge cha majogoo. Consolata amewasifia kwa miaka jinsi mumewe alivyo mtu mwenye adabu.

Kabla giza halijaingia niliazima simu ya Yohana. Namba ya Consolata naijua kwa kichwa.

"Ni mimi," nikanong'ona. "Begi langu limefika?"

"Begi gani? Uko wapi? Mbona simu yako haipatikani?"

Nikamweleza. Halafu nikamsikia anavuta pumzi. Halafu mke wangu wa ndoa akacheka mpaka akashindwa kuongea, akawa analia kwa kicheko, na mimi nimesimama barazani kwa watu na majogoo yangu.

"Usimwambie mtu," nikamsihi.

"Sitamwambia mtu," akasema, na kicheko kikamshika upya.

Mbuba hadi Nyamiaga

Asubuhi kulikuwa kumetakata. Milima ilikuwa imeoshwa, ukungu umelala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Mama Speransia alikataa kurudishiwa kitenge. Alisema nikifika karibu na nyumba nijifunge, angalau wakwe waone kwamba nimejaribu. Huwezi kukanyaga pedali umejifunga kitenge, kwa hiyo nilikifunga shingoni, nikaondoka.

Sehemu hii ndiyo mnayoniuliza sana, kuhusu mipando ya mwisho, na ukweli ni kwamba siikumbuki vizuri. Miguu ilifanya kazi yake. Akili ilikuwa inapanga maneno. Nilipanga kwamba nitazunguka nyuma ya nyumba, nimwite Consolata kwa ishara. Nilipanga kwamba nitasema nimepata ajali. Nilipanga hata kurudi Rulenge. Nikapita Murugarama, watu wakiwa wanakwenda kanisani, wanaume wote na suruali zao zilizonyooshwa kwa pasi. Sijawahi kuziona suruali nyingi na nzuri kiasi kile.

Mpando wa kuingia Nyamiaga niliupanda nimeinama, natazama tairi la mbele tu. Karibu na kilele nikasikia mtu anakohoa. Nikainua kichwa. Mzee mfupi, anafika kifuani kwangu, alikuwa amesimama kando ya barabara na koti la misa, fimbo mkono mmoja, mfuko mweusi wa plastiki mkono wa pili.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikitaka kupita.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Consolata?"

Nilishuka kwenye baiskeli kwa haraka nusura nianguke. Nikavuta kitenge kutoka shingoni nikakishika mbele yangu kwa mikono yote miwili. "Ndiyo, baba."

Akanitazama miguu. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Midomo yake ikatetemeka, nikadhani ni hasira, kisha nikaona anang'ang'ana na kicheko kama mtu anayezuia chafya kanisani.

"Ingia humo," akasema, akionyesha migomba kwa fimbo. "Haraka. Wanatoka misa ya kwanza."

Nikaingia kwenye migomba. Akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na suruali yake ya suti, nyeusi, na shati. Yeye akasimama barabarani akinipa mgongo, analinda. Watu wawili walipita, nikamsikia anawasalimia na kuwaambia kwamba anapunga upepo.

"Consolata aliniambia mimi peke yangu," akasema bila kugeuka. "Mama yake hajui. Asijue. Wewe umekuja na nguo zako, umebadilisha njiani, basi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba. Asante, baba."

"Mimi siku ya kwanza kwenda kwa wakwe zangu nilianguka mtoni," akasema. "Nilifika na tope mpaka masikioni. Hakuna aliyekuja kunipokea njiani."

Tukatembea pamoja hadi juu. Baiskeli aliikokota yeye; alinikataza kabisa kuigusa nisije nikajichafua. Aliniuliza kuhusu majokofu, na mtoto, na kama kweli Mwanza watu hupanda milima bila sababu. Yule mtu wa kikohozi kwenye simu aliongea njia nzima.

Nyumbani kwa Mzee Stanslaus

Ukoo ulikuwa umejaa uani. Vigelegele, kushikana mikono, shikamoo zisizo na mwisho. Neema alinirukia shingoni. Consolata akanitazama suruali, akanitazama usoni, akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Mama mkwe alitoka jikoni, mama mwembamba mwenye mtandio mweupe, akapiga goti kidogo kwa mbali nami nikainama, macho chini, akarudi jikoni. Nikashusha pumzi. Baba mkwe akanitupia jicho: yamepita.

Tukakaa kula. Ndizi na nyama, maharage, ugali wa muhogo, pombe ya ndizi kwa wazee. Mjomba mmoja alikuwa ameshaanza hotuba ya kumkaribisha mkwe pikipiki ilipoingia uani. Alikuwa Deo, na nyuma yake mzee mwenye kofia kubwa amekumbatia begi langu.

"Hodi humu! Mimi ni Stanslaus wa Kibimba," yule mzee akatangaza kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Nimeleta nguo za mkwe wenu! Jana zililetwa kwangu. Suruali yake hii hapa, na shati. Michembe imepungua kidogo, ni wajukuu, mnisamehe. Nikasema jamani, huyu mtu leo ataingia ukweni amevaa nini?"

Hotuba ikakatika. Ukoo mzima, kuanzia wazee hadi watoto, ukageuza macho kwenye miguu yangu. Baba mkwe akaanza kukohoa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Hizo ni za kubadilisha kesho."

Ilikuwa sauti ndogo kutoka mlango wa jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama na bakuli mikononi. "Mkwe wangu amekuja na nguo mbili. Mpokeeni mgeni begi, mpeni kiti, chakula bado cha moto. Na michembe ileteni huku, wazazi wake wametukumbuka."

Basi. Mjomba akaendelea na hotuba, Stanslaus wa Kibimba akapewa kiti na kibuyu, Deo akapewa sahani. Baba mkwe alikuwa ameduwaa kuliko mimi, anamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa kwa aibu, macho yakaangukia kwenye miguu yangu mwenyewe. Mzee huyu anafika kifuani kwangu, na suruali yake ilikuwa imefika vizuri kabisa kwenye vifundo vyangu. Chini kulikuwa na mstari uliofifia wa pindo la zamani, na chini yake pindo jipya, jembamba, limeshonwa kwa mkono, kwa uzi mpya. Kiunoni vilevile, nilipopapasa nyuma nikakuta kipande kimeongezwa.

"Mama alinisikia kwenye simu," Consolata akaninong'oneza. "Aliniuliza kitu kimoja tu. Mumeo ni mrefu kiasi gani."

Mama mkwe akafika kwenye zamu yangu na bakuli la ndizi. Hakunitazama usoni, nami sikumtazama. Nilisema asante, mama. Akaniwekea ndizi, akaongeza, akaongeza tena mpaka sahani ikawa mlima.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kurudi nako ni kupanda."